Nimepewa notisi ya deni la kodi ya haozing, nirudishe funguo niondoke?

Swali: Shikamoo mama. Nakaa Coventry, Uingereza, nyumba ya haozing asosieshen (shirika la nyumba za kodi nafuu), vyumba vitatu, mimi na wanangu, kijana wa miaka 21 na wasichana wawili, 12 na 9. Nafanya kea, kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, kwa ejensi, sina masaa maalum, na Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inanijazia. Mwaka jana mgongo ukanishika nikakaa wiki kumi bila kazi, ejensi wakasema hujafanya kazi hakuna mshahara, basi Novemba, Desemba na Januari sikulipa kodi kabisa. Kodi yangu ni pauni 112 kwa wiki na kila mwezi natoa 448. Kwa hesabu yangu miezi mitatu ni 1,344, wao wanadai 1,792. Wamenizidishia? Wiki iliyopita imekuja notisi, inasema baada ya wiki mbili wanaweza kwenda kotini. Rafiki yangu kaniambia bora nirudishe funguo nitafute nyumba ya private, ya mtu binafsi, kabla jina langu halijaharibika. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu, pole na mgongo na pole zaidi na hizo siku za kukesha. Nianze na lile la haraka manake la mwisho uloandika ndo limenishtua kuliko deni lenyewe: funguo usirudishe. Usirudishe, usihame, usimpe mtu yeyote karatasi ya kusema umeiacha nyumba. Hiyo notisi ulopewa si amri ya kuhama. Inakwambia tu kwamba ikifika tarehe fulani wao wanaruhusiwa kupeleka maombi kotini. Baada ya hapo kuna kesi, kuna tarehe ya kusikilizwa, kuna jaji, na amri ikitoka na ikavunjwa ndo wanaombwa bailifu wa mahakama, wale wa kutoa watu nyumbani, nao lazima wakuletee notisi ya siku 14 kabla ya kufika mlangoni. Hapo katikati ni miezi, na kila hatua ina mahali pa kusimamisha mambo, ila mahali hapo panamfaa yule anayejitokeza na kuongea. Aliyerudisha funguo amefunga milango yote kwa mkono wake.

Na huyo rafiki yako naamini anakupenda, lakini fikiria. Ukirudisha funguo deni linabaki vilevile, 1,792 watakufuata nazo ukiwa private. Nyumba ya vyumba vitatu private Coventry kodi yake iko juu sana kuliko 485 kwa mwezi, na Universal Credit ina kikomo cha kulipia private ambacho mara nyingi hakifikii kodi yenyewe. Alafu siku ukishindwa huko ukaenda kaunsili (halmashauri ya mji) kusema sina pa kulala na watoto, swali la kwanza ni nyumba yako ya haozing uliachaje. Ukisema niliiacha mwenyewe, wanaweza kukuandika kwamba umejitakia kukosa nyumba, na hapo jukumu lao kwako linapungua sana. Nimekaa na akina mama waliorudisha funguo kwa aibu, kwa kutaka mambo yaishe kimyakimya, na hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote ninazozifanya, manake unatafuta pa kuanzia huoni.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa nataka uchukue kalamu. Hawajakuzidishia. Na wewe hujadanganya. Kodi yako inahesabiwa kwa wiki, inaingia kwenye akaunti ya nyumba kila Jumatatu, na mwaka una wiki 52. 112 mara 52 ni 5,824. Gawa kwa miezi 12 unapata pauni 485 na senti 33. Wewe ulikuwa unatoa 448 ambayo ni wiki nne kamili, kwa sababu sisi wote tumezoea mwezi ni wiki nne, lakini mwezi si wiki nne isipokuwa Februari. Kila mwezi ulikuwa unapungukiwa pauni 37 na kitu, na kwa mwaka mzima hiyo inatimia 448, yaani kodi ya mwezi mmoja mzima kwa hesabu yako ya wiki nne. Umelipa miezi tisa, 448 mara 9 ni 4,032. Toa kwenye 5,824. Inabaki 1,792, shilingi kwa shilingi. Ile tofauti ya 448 ulotaka kuwauliza kwa hasira ndo hiyo. Hata usingeumwa hata siku moja, mwaka ungeisha na deni la 448 na usingejua limetoka wapi.

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu nimeliona kwa watu wengi mno, Wakongo, Wabarawa, Wakenya, watu wetu wa Tanga na Zanzibar, watu wanaolipa kila mwezi bila kukosa na bado barua zinakuja, wanaishia kuamini haozing wanawaonea au kuna mtu ofisini anakula pesa zao. Basi leo hii badilisha ile oda ya benki. Na subiri, usiiandike 485, manake Jumatatu tarehe 6 Aprili 2026 kodi mpya inaanza. Kila Aprili wanaongeza, kawaida ni mfumuko wa bei wa Septemba iliyopita na kuongeza asilimia 1, na mwaka huu wa 2026 kikomo ni asilimia 4.8. Kwa hiyo 112 yako inaweza kufika 117 na senti 38. Angalia barua ya kodi mpya walokutumia Februari au mapema Machi, chukua namba ilioandikwa pale, zidisha 52, gawa 12, hiyo ndo ya kuweka benki.

Na kodi mpya ikishaanza tu, ingia kwenye akaunti yako ya Universal Credit uiripoti. Hawaibadilishi wenyewe kwa wapangaji wa haozing, wanakuwekea kazi ya kuthibitisha na usipoithibitisha wanaendelea kukulipa kwa kodi ya zamani. Watu wanaiacha wiki, wanaiacha miezi, na ukichelewa sana kuripoti wanaweza wasikurudishie ya nyuma. Ni dakika tano kwenye simu.

Kijana wako. Umeniandikia ana miaka 21 ukapita kama ni jambo dogo, mimi nimesimama hapo. Alitimiza lini? Manake tangu kipindi cha malipo alichotimiza 21, Universal Credit inakukata pauni 93 hivi kila mwezi (kiwango cha 2025/26) kwenye fungu la nyumba, kwa kuwa inamhesabu kama mtu mzima anayepaswa kuchangia. Haijali kama anafanya kazi au yuko kitandani, ni kiasi kilekile. Angalia karatasi za malipo zako mwezi kwa mwezi, utaona mahali fungu la nyumba liliposhuka. Wengi hawaioni kwa sababu mshahara wa ejensi unapanda na kushuka, basi malipo nayo yanapanda na kushuka, na hili linajificha humo.

Kuna njia ya kulifuta hilo kato. Kama wewe mwenyewe unapata PIP, malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, ile sehemu ya maisha ya kila siku, kato linaondoka. Sasa mgongo uliokulaza wiki kumi, je umepona kweli? Kama bado huwezi kuinama kuvaa, kuoga kwa shida, kupika kwa kukaa, na hali hiyo imeshafika miezi mitatu na inatazamiwa kuendelea miezi tisa mbele, omba PIP. Sisemi utaipata, nasema uombe kwa ukweli, na uende na mtu anayejua kujaza ile fomu, manake watu wetu wakiulizwa unaweza kupika wanajibu naweza, kwa heshima, wakati ukweli ni kwamba wanapika huku wanalia.

La kijana mwenyewe ntakwambia kama mama. Kwetu mtoto hatozwi kula nyumbani kwao, najua, na kumwambia toa hela ya kodi inakuwa kama unamfukuza. Lakini serikali tayari imekukata kwa niaba yake. Mkalishe, mwoneshe karatasi, mwambie hii 93 ni yako wewe na inatoka kwenye chakula cha dada zako. Vijana wetu wengi wakioneshwa karatasi wanaelewa, tatizo tunawaficha. Kama hana kazi basi aombe Universal Credit yake mwenyewe, ana haki hiyo akiishi na mzazi, na atoe humo.

Na usije ukashawishika kumhamisha ili kuokoa hiyo 93. Akiondoka chumba chake kinahesabiwa cha ziada, kwa sababu wasichana wawili walio chini ya miaka 16 wanatazamiwa kulala chumba kimoja, na chumba kimoja cha ziada kinakatwa asilimia 14 ya kodi. 14 ya 485 ni pauni 68. Unaokoa 93 unapoteza 68, faida yako pauni 25 na mtoto yuko barabarani. Haifai.

Sasa hao ejensi. Walikwambia hujafanya kazi hakuna mshahara, na wewe ukakubali. Mdogo wangu, mfanyakazi wa ejensi ana haki ya malipo ya ugonjwa ya kisheria kama wengine, hata wa masaa yasiyo maalum, mradi wastani wa mshahara wake wa wiki nane kabla ya kuumwa ulifika kiwango, ambacho kwa mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 125 kwa wiki. Malipo yenyewe mwaka huo yalikuwa 118.75 kwa wiki, siku tatu za mwanzo hazikulipwa (kuanzia Aprili 2026 ndo sheria mpya inalipa tangu siku ya kwanza, na kile kiwango cha 125 kimeondolewa). Kwa wiki kumi zako ni kama pauni 1,100. Waandikie kwa imeili, si kwa simu, omba malipo yako ya ugonjwa kwa tarehe kadhaa hadi kadhaa, ambatanisha cheti cha daktari. Wakikataa wanapaswa kukupa fomu ya SSP1 yenye sababu, na ukiwa hukubaliani unawapeleka HMRC, mamlaka ya mapato ya serikali. Hilo usilicheleweshe, kuna ukomo wa muda. Jua tu kwamba zikilipwa zitahesabika kama mshahara, na Universal Credit itashuka senti 55 kwa kila pauni inayozidi kile kiasi unachoruhusiwa, basi usizipangie zote.

Sasa simu. Najua hiyo simu ndo mlima wenyewe. Mimi nilipofika nchi hii nilikaa na bahasha za kahawia kwenye droo ya jikoni, miezi, nikisikia posta inadondoka mlangoni moyo unakwenda mbio, nikawa naziweka bila kufungua kana kwamba zikifungwa deni linasimama. Halikusimama. Siku nilipofungua niligundua barua tatu kati ya zile zilikuwa zinaniuliza tu kama nahitaji msaada. Toka siku ile nikaamua hii ndo kazi ntakayofanya. Kwa hiyo nikikwambia piga simu sikuambii kama mtu asiyejua uzito wake.

Piga kabla ya Pasaka, manake Ijumaa Kuu na Jumatatu ya tarehe 6 ofisi zimefungwa. Uliza mtu wa timu ya mapato au ya deni la kodi. Mwambie: nimepokea notisi, nilikuwa mgonjwa wiki kumi, nimegundua pia nilikuwa nalipa wiki nne badala ya mwezi, nimesharekebisha, nataka kulipa kodi yote ya kila mwezi na kuongeza kiasi fulani juu yake kwa ajili ya deni, na naomba makubaliano hayo kwa maandishi. Kama Kiingereza cha simu kinakupa shida omba mkalimani wa Kiswahili, haozing nyingi wana huduma hiyo kwa simu, na tafadhali usimpe binti yako wa miaka 12 akutafsirie deni lako.

Kitu watu hawajui ni kwamba haozing na kaunsili England hawawezi kukukimbiza kotini hivihivi kama mwenye nyumba wa private. Kuna utaratibu wa mahakama wa kabla ya kesi ambao wanatakiwa waufuate: wawasiliane na wewe mapema, wakupe stetimenti ya kodi inayoeleweka, wakusaidie kuomba malipo ya nyumba, wakubaliane nawe kiasi unachokimudu kulingana na mapato yako, na ukishakubaliana ukawa unalipa, wanapaswa kuahirisha kesi muda wote unaotimiza ahadi. Tena kama kuna ombi lako la benefiti ya nyumba linasubiri majibu, umeshapeleka vielelezo vyote na kuna sababu ya kutegemea utakubaliwa, hawapaswi kufungua kesi kwa deni hilo. Jaji anauliza kama waliyafanya haya. Kwa hiyo andika tarehe ya kila simu, jina la kwanza la uliyeongea naye, na alichosema. Daftari la mtoto linatosha.

Kiasi gani utoe? Toa unachoweza kukitoa hata mwezi mbaya. Pauni 40 kwa mwezi juu ya kodi ni karibu miaka minne kumaliza, na watu wanaona aibu kusema pauni 40 wanasema 150, mwezi wa pili wanashindwa, na ahadi ilovunjwa inaonekana vibaya kuliko ahadi ndogo ilotimizwa. Unaweza pia kuomba Universal Credit ilipe kodi moja kwa moja kwa haozing, na deni likatwe humohumo. Ikikatwa hivyo, tangu Aprili 2025 makato ya madeni yote kwa pamoja kwa kawaida yana kikomo cha asilimia 15 ya malipo ya msingi, zamani ilikuwa 25, yaani kwa mtu wa miaka 25 au zaidi asiye na mwenzi ni kama pauni 60 kwa mwezi. Mimi kwako, kwa kuwa mshahara wako unayumba na kuna miezi malipo ya nyumba yatakuwa madogo kuliko kodi, ningependa kwanza ulipe mwenyewe kwa makubaliano. Kama ukijiona hela ikiingia mkononi inatoka kwa mambo mengine, basi omba ilipwe moja kwa moja, na hakuna aibu yoyote hapo. Na kama ejensi wanakulipa kila baada ya wiki nne, jiandae, kuna mwezi mmoja kwa mwaka mishahara miwili itaangukia kipindi kimoja na Universal Credit itashuka sana au itakuwa sifuri. Mwezi huo mshahara wa pili ndo kodi yako, usiuguse.

Kuna jambo moja la kisheria nataka ulishike vizuri kuliko yote, manake linahusu haozing asosieshen hasa na kaunsili hawana. Chukua ile notisi utafute imeandika misingi (sababu za kisheria za kudai nyumba) namba ngapi. Ukiona 10 na 11, hizo jaji ana uhuru, anaangalia hali yako, watoto, ugonjwa, na mara nyingi kwa mtu aliyejitokeza anatoa amri ilosimamishwa, unabaki nyumbani kwako mradi unalipa kodi na kiasi alichopanga. Ukiona 8, hapo amka. Msingi wa 8 unasema kama unadaiwa wiki nane au zaidi siku ya notisi na pia siku ya kusikilizwa kesi, jaji hana hiari, anatoa amri. Wiki nane kwako ni pauni 896 kwa kodi ya sasa na wewe unadaiwa wiki 16. Lakini soma tena, lazima iwe wiki nane siku zote mbili. Ukifika kotini deni liko chini ya wiki nane, hata kwa pauni moja, msingi wa 8 umekufa na jaji anarudi kwenye uhuru wake. Kwa hiyo kama 8 imo kwenye barua yako, kazi yako si kumaliza 1,792, kazi yako ni kulishusha deni chini ya huo mstari kabla ya siku ya kesi, kodi za kila wiki zikiwa zinalipwa zote.

Za kulishusha zitoke wapi? Kuna hayo malipo ya ugonjwa. Kuna fungu la kaunsili la kusaidia kodi, watu bado wanaliita DHP, na kuanzia Aprili 2026 kwa England limeingizwa kwenye mfuko mpya unaoitwa Crisis and Resilience Fund, waombe Coventry City Council, eleza ugonjwa, kato la kijana, na notisi uambatanishe. Haozing wenyewe pia wengi wana mfuko mdogo wa wapangaji walioanguka, uliza kwenye simu ileile.

Na kuna mchezo. Hukuniandikia kama unacheza ila sijawahi kukutana na mama wa Kiswahili mjini humu asiye na upatu. Kama mko kumi mnatoa mia mia kwa mwezi na zamu yako ni ya mbele, nenda kwa kijumbe useme ukweli, omba kubadilishana zamu. 1,000 ikiingia deni linabaki 792, umeshuka chini ya mstari. Wanawake wenzako wataelewa kuliko unavyodhani. Hesabu tu kwamba ukishachukua utaendelea kutoa mia kila mwezi mpaka duru iishe, hiyo ni ahadi kama ya haozing. Na kama huoni jinsi utakavyoweza, pumzika mchezo hadi mwakani. Ila usikope kwa wale wa mikopo ya haraka ya mtandaoni, na usikope kwa mtu wa mtaani anayeshika pasipoti au kadi ya benki. Kukopa ghali kulipa deni la kodi, ambalo kwa kawaida lenyewe halina riba, ni kujitafutia deni baya zaidi.

Hela ya nyumbani nayo. Ofisa na jaji wataangalia karatasi ya mapato na matumizi yako, na watakuta unatuma Tanga au Bukavu au kokote. Usiifiche, benki inaonesha. Lakini kwao kodi, kaunsili taksi, gesi na umeme ndo vinatangulia, hela ya kutuma haimo kwenye orodha hiyo hata kama kwetu mama mzazi ndo wa kwanza. Mpigie mama yako. Mwambie nimeumwa, ntatuma nusu hadi mwezi fulani. Wazazi wetu wanapokea habari ya ugonjwa, kinachowaumiza ni kusikia kwa watu baadaye kwamba mtoto wao alitolewa nyumbani na wajukuu huku anawatumia wao.

Wa kukusaidia wako, na bure. Tangu Agosti 2023 kuna huduma ya kisheria inayoitwa Housing Loss Prevention Advice Service, ukiwa na barua yoyote ya kusema mwenye nyumba anataka nyumba yake unapewa mshauri wa sheria bila kuulizwa kipato, na notisi yako inatosha. Wanashughulikia nyumba, madeni na benefiti pamoja. Na siku ya kesi kuna wakili wa zamu palepale kotini, ukifika mapema unamwona kabla ya kuingia. Citizens Advice na Shelter, mashirika ya ushauri wa bure, watakuelekeza. Waulize pia kuhusu Breathing Space, mapumziko ya kisheria ya kudaiwa, ilianza Mei 2021, mshauri wa madeni ndo anakuandikisha, huwezi mwenyewe, na kwa siku 60 haozing hawawezi kuendelea na hatua za kukutoa kwa deni hilo, mradi kodi ya kawaida inayoingia unaendelea kuilipa. Usiichukue leo kwa pupa, unaipata mara moja ndani ya miezi 12. Mwoneshe mshauri ile notisi mpange ianze lini.

Kama nyumba ina ukungu au maji yanavuja usizuie kodi kwa sababu hiyo. Ripoti kwa maandishi, piga picha, tangu Oktoba 2025 haozing England wana muda maalum wa kisheria wa kushughulikia ukungu hatari, na mwambie wakili manake inaweza kupunguza deni kotini. Kodi ilipwe.

Ikija barua ya koti, fomu ya kujibu ijaze hata nusu, na siku yenyewe uende. Uende hata kama umeshakubaliana na haozing na wamekwambia si lazima uje. Vaa vizuri, beba stetimenti, daftari lako, karatasi za daktari na risiti. Ni chumba kidogo tu, mara nyingi dakika kumi. Na deni la kodi si jinai, polisi hawahusiki.

(Walioko Scotland, Wales na Northern Ireland, sheria zenu ni tofauti, haya ya misingi 8, 10 na 11 ni ya England, msiyachukue kama yalivyo.)

Basi mdogo wangu, leo usiku fungua zile barua zote uzipange kwa tarehe, kesho asubuhi upige simu, alafu niandikie kitu kimoja tu: notisi yako imeandika msingi namba ngapi. Hapo ntajua tuanzie wapi.